Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Fundi aliipima kayaki yote, kimtumbwi cha plastiki, kabla ya kuinunua. Alipima urefu, akapima upana, akapima mpaka kiuno chake mwenyewe aone kama kitapita kwenye tundu la kukalia, kwa sababu daktari alishamwambia kwamba tumbo lile likiachwa hivyo litatangulia kaburini, yeye afuate. Kitu ambacho hakukipima ni nyumba yake. Akili za wanaume wengine huishia dukani.

Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa kushinda amechuchumaa nyuma ya friji za watu akisikiliza zinavyokohoa. Aliyemuuzia kayaki alikuwa mgane mmoja aliyetaka kuhama, na aliiweka uani, imefunikwa turubai, imepinduliwa kifudifudi, juu yake mawe makubwa.

"Mawe ya nini?" aliuliza Fundi.

"Upepo," alisema mgane. Siku hiyo hata jani halikutikisika.

Ilikuwa kayaki ya manjano, ya watu wawili, tundu moja mbele na jingine nyuma. Lakini kafi la kupigia maji lilikuwa moja tu. Fundi akauliza la pili liko wapi.

"Lina mwenyewe," alisema mgane, akatazama pembeni. Kisha akauliza, "Una mahali pa kuiweka nje?"

"Ninapo," alijibu Fundi, naye hakuwa na pa kuweka hata ndoo.

Waliishi chini kabisa kwenye jengo la ghorofa, yeye na mkewe, na binti yao mdogo waliyemwita Kifaranga kwa sababu ya miguu yake, na mama yake Fundi, ambaye jengo zima lilimwita Bi Mkubwa na kumwogopa. Mlinzi wa jengo alikataa kayaki isiingie stoo, akisema humo mna pampu. Ukumbini haikukaa; ilipowekwa, kochi lilibidi litoke. Ikabaki korido, ndefu na nyembamba kama koo la kuku. Wakaiweka humo juu ya vigoda viwili, ikapita mbele ya vyumba vya kulala, ikapita mbele ya choo, ikaishia hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Kuanzia siku hiyo, kila aliyetaka kupita alipita ubavuubavu kama kaa.

"Umetuletea ndizi isiyomenyeka," alisema Bi Mkubwa.

"Ni ya mazoezi, mama."

"Mazoezi tunayafanya sisi, kila tukienda chooni."

Mwanamke wa akili hakubali kitu kikae bure. Bi Mkubwa akatia viazi katika tundu la mbele, na mkewe Fundi akapanga nguo zilizokwisha kupigwa pasi katika tundu la nyuma. Asubuhi yake viazi vilikuwa vikavu kama alivyoviacha. Nguo zilikuwa zimelowa. Si unyevu wa nguo iliyoanuliwa mapema. Zilikuwa chapachapa, zinanuka matope ya chini ya bwawa, na juu yake palikuwa pamebonyea mviringo kama mtu mzito alizikalia usiku kucha.

Wakatazamwa watu wa nyumbani mmoja mmoja, na kama kawaida macho yakamwangukia mdogo.

"Si mimi," alisema Kifaranga. "Mimi nachezea mbele tu. Nyuma kumekaliwa."

"Kumekaliwa na nani?"

"Sijamuuliza jina. Bibi alisema si adabu kuwahoji wakubwa."

Bi Mkubwa akazitoa nguo, akaipangusa kayaki kwa kitambaa, akakikamua kitambaa kwenye ndoo. Alipangusa tena, akakamua tena. Maji hayakwisha. Akamwambia mkwewe anyamaze kwanza, huenda Fundi aliiosha na haikukauka vizuri. Hakuamini, ila kuna siku mtu husema maneno ili mdomo uwe na kazi.

Kisha likaja lile kosa, na si kosa la mjinga. Ni kosa ambalo yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya.

Ilikuwa mchana. Fundi yuko kazini, Bi Mkubwa amelala kidogo, Kifaranga yuko shule. Mkewe Fundi alikuwa jikoni anakanda unga, mikono imejaa mpaka vifundoni, ameugeuzia mlango mgongo. Akasikia kugongwa. Ko, ko, ko, taratibu, ubavu wa plastiki wa kayaki ukilia kwa ndani. Na sauti ya kike, nzito, kama ya mtu aliyekunywa maji mengi asiyoyataka, ikasema:

"Hodi."

Angefanya nini? Mtu akipigiwa hodi haendi kwanza kuuliza inatoka wapi.

"Karibu," alisema mkewe Fundi, mikono ndani ya unga. "Karibu ndani, ndugu yangu. Pita tu."

"Asante, dada," ilisema sauti.

Ndipo akakumbuka kwamba hakusikia mlango wa nje ukifunguliwa. Akasikia koridoni kitu kikijinyanyua, kayaki ikilia kama kitanda kinachoondokewa, halafu miguu ikija, na kila hatua ilikuwa na mlio wa viatu vilivyojaa maji, ikaja mpaka kizingiti cha jikoni, ikapita nyuma ya mgongo wake karibu kiasi cha kumpuliza baridi shingoni, na kiti cha pembeni kikavutwa, kikakaliwa. Alikaa vile vile, mikono ndani ya unga, mpaka unga ukaanza kukauka kwenye vidole. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Chini yake palikuwa pamesimama maji.

Alimweleza mama mkwe kwa kunong'ona, mlango wa chumba umefungwa.

"Ulimwambia karibu?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Nilimwambia."

"Karibu tu, au karibu ndani?"

"Karibu ndani. Nikamwambia apite."

Bi Mkubwa akashika kidevu. "Na chai ulimpa?"

"Mama."

"Nauliza nijue tumefika wapi."

Saa ya kwenda kumchukua Kifaranga shule ilipofika, mkewe Fundi alivaa viatu, akapita ubavuubavu mbele ya kayaki bila kuitazama, akashika kitasa cha mlango wa nje. Nyuma yake sauti ikasema, pole kabisa, bila ugomvi wowote:

"Unatoka, dada? Unaniacha na nani?"

Alifungua mlango, akaiona ngazi, akamwona jirani wa mbele anafagia, akaona jua limelala sakafuni kama siku zote, akanyanyua mguu, akavuka kizingiti, na mguu wake ulipotua ulitua jikoni, mbele ya meza yenye unga, karibu na kile kiti, na kiti kilikuwa kimesogezwa kidogo kama anavyosogea mgeni kumpa mwenyeji nafasi ya kukaa.

Alijaribu tena, akajaribu dirisha, akajaribu kutoka ameshikwa mkono na mama mkwe, na kila mara Bi Mkubwa alijikuta nje peke yake, ameshika hewa, na mkwewe yuko jikoni. Wengine waliingia na kutoka kama kawaida. Nyumba haikuwa imewafunga wao. Ilikuwa imemfunga mwenyeji.

Bi Mkubwa akaenda shule mwenyewe. Mtoto hakumrudisha nyumbani. Alimpeleka kwa jirani wa mbele, akamwambia mama yake ana kazi. Jioni Kifaranga alisimama nje chini ya dirisha la jikoni, na mama yake akasimama ndani. Walizungumza kupitia nondo.

"Kazi yako inakwisha lini?"

"Karibuni."

"Kesho?"

"Kula ulale, Kifaranga."

"Kwa nini huji kunisuka?"

Mama yake alipitisha mkono kwenye nondo ili amshike nywele, na mkono ulipofika nje ukawa umeshika ukingo wa meza. Mtoto akaona. Hakulia; aliangalia tu mahali mkono ulipokuwa, kisha akarudi kwa jirani akitembea kinyumenyume. Tangu hapo mama yule hakutaka kitu kingine. Hakuuliza mgeni ni nani wala katoka wapi. Alitaka atoke nje amsuke mtoto wake, basi.

Fundi, ambaye alikuwa ameyachukua yote haya kuwa ni maneno ya wanawake, aliamini alipokalia kile kiti kwa bahati mbaya akaambiwa "Samahani, kaka" kutoka chini yake. Aliruka akapiga kichwa kabatini. Akamwita mlinzi wa jengo waitoe kayaki. Walishika mmoja huku na mwingine kule, wakanyanyua. Upande wa mbele ulipanda kama unyoya. Upande wa nyuma haukubanduka.

"Humu amekaa nani?" alisema mlinzi kwa mzaha, huku anahema.

"Mimi," ikasema sauti.

Mlinzi aliiweka chini polepole, akasema amesahau kufunga bomba, akaondoka, na hakuonekana tena upande ule wa jengo.

"Ulinunua kitu cha watu wawili," Bi Mkubwa alimwambia mwanawe. "Wa pili ulidhani atakuwa nani?"

"Nilidhani tutakwenda mimi na mke wangu, mama. Jumapili. Tupunge upepo."

Bi Mkubwa akaenda kummiminia chai, kwa sababu lilikuwa jambo zuri.

Siku zilivyokwenda, mgeni alizoea. Hakuvunja chombo wala hakumdhuru mtu. Alikuwa anauliza. Dada unapika nini. Dada huyo mumeo anakoroma tangu lini. Dada mbona umenyamaza, una nini. Mkewe Fundi akinyamaza, maji yalianza kupanda sakafuni, kwanza vidole, kisha kifundo, na akijibu hata neno moja yalishuka, kwa hiyo alijibu, akaosha vyombo akijibu, akajilaza akijibu, mpaka sauti yake mwenyewe ikaanza kuwa nzito, na Bi Mkubwa aliyekuwa anasikiliza kutoka koridoni ikawa mara nyingine hajui ni nani kasema.

Hapo Bi Mkubwa akatoka kwenda kumtafuta mtabibu.

Mtabibu alikuwa mama mnene mwenye kibanda cha kuchaji simu, na majini aliyafanya pembeni, wateja wakipungua. Alikuja na mkoba, akavua viatu mlangoni, akaomba kigoda. Hakuwasha kitu, hakumwaga kitu. Alikaa karibu na tundu la nyuma, akasalimia, akasalimiwa. Walizungumza muda mrefu kwa sauti ya chini kama watu wanaosubiri zamu hospitalini. Mara moja mtabibu alicheka. Bi Mkubwa hakupenda kile kicheko.

"Haya?" aliuliza, walipokwenda kunong'ona chumbani, mkewe Fundi akiwa amesimama mlangoni ili mgeni naye aendelee kumwona.

"Ni jini wa maji, mwanamke, mpweke," alisema mtabibu. "Tatizo lake ana adabu."

"Hilo nalo ni tatizo?"

"Ndilo lenyewe. Mwenye fujo namtoa kwa fujo. Huyu kapiga hodi, kakaribishwa, kashukuru, kakaa alipooneshwa. Nimtoe kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kutohama," alisema Bi Mkubwa.

"Mmeshamwambia muda wake wa kuondoka umefika?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemwambia. Mgeni haambiwi hivyo.

"Nimemuuliza. Anasema yuko tayari kwenda kwao, hajakatazwa. Ila aagwe vizuri, na asindikizwe. Na atakayemsindikiza ni huyo aliyemkaribisha."

"Mpaka wapi?" aliuliza mkewe Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kunena siku hiyo kwa sauti yake.

"Bwawani. Ukae mbele, yeye akae nyuma. Unamsindikiza mpaka akwambie sasa rudi. Akishasema, umemaliza, unarudi kwako."

"Na asiposema?"

Mtabibu alikunja mkanda wa mkoba. "Nimekwambia ana adabu. Atasema."

Fundi akasema atakwenda yeye. Mtabibu akamwambia yeye hakumwambia mtu karibu.

Basi wakamuaga mgeni. Mkewe Fundi alisimama koridoni akasema, dada, tumefurahi kukuona, ngoja nikusindikize. Kayaki ikawa nyepesi mara ile ile. Fundi aliibeba begani peke yake, ikapita mlangoni bila kugusa mahali, na mkewe akatoka nyuma yake, akavuka kizingiti, na mguu ukatua nje. Alisimama kwenye jua akalia kimya. Jirani wa mbele alifungua mlango na Kifaranga akachomoka mbio.

Bi Mkubwa akamdaka kiunoni.

"Niache, bibi. Mama katoka."

"Mama anamsindikiza mgeni. Akirudi atakusuka."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi," alisema mama yake, na hakumgusa, maana mtabibu alishamwonya asiguse mtu mpaka amalize.

Walifika bwawani jua likiwa bado juu kiasi. Ni bwawa la maji ya mji, pana, kimya, majani marefu pembeni. Mkewe Fundi akaingia tundu la mbele, akapewa kafi. Tundu la nyuma likazama taratibu, maji yakafika karibu na ukingo, kama anavyokaa mtu mzima akijipanga. Kisha mkewe Fundi akaanza kupiga maji, upande huu, upande ule, naye hakuwahi kushika kafi maishani mwake, na kayaki ikaenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa, kwa sababu kila alipopiga pigo moja walisikia mapigo mawili.

Waliokuwa ukingoni walimwona akipungua mpaka akawa doa la manjano. Doa likasimama. Fundi alikuwa anauma kucha kama mtoto. Halafu doa likageuka.

"Anarudi," alisema.

"Naona," alisema Bi Mkubwa, akamshika mtabibu bega.

Kayaki ilikuja mpaka karibu na majani. Mkewe Fundi alikuwa anatabasamu, uso umelowa.

"Kasema," alisema. "Tumefika katikati akaniambia, basi dada, inatosha, rudi sasa. Kwa maneno hayo hayo."

Fundi aliingia majini na viatu, mikono mbele. Bi Mkubwa hakusogea. Alikuwa anatazama nyuma ya kayaki.

"Mwanangu," alisema polepole, "mbona nyuma bado kuzito?"

Tabasamu lilibaki usoni mwa yule mwanamke kwa muda, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akanong'ona bila kugeuka.

"Kasema jua linashuka, haifai nirudi peke yangu. Kasema na yeye atanisindikiza kidogo."

Bi Mkubwa aliyajua hayo, na kila mwanamke anayajua. Umemtoa mwenzio mpaka kwake, naye anasema ngoja nikurudishe mpaka pale kona, mnafika kona maneno hayajaisha, unasema basi twende nikufikishe, mnakwenda tena na kurudi tena, mpaka mmoja akumbuke sufuria aliyoiacha jikoni. Jini hana sufuria jikoni.

"Nikishuka, anashuka," alisema mkewe Fundi. "Kasema atanifikisha mpaka mlangoni. Tukifika mlangoni, mama, nitamwambiaje?"

"Shuka tu," alisema Fundi, maji kifuani. "Tutahama."

"Tutahama naye. Na Kifaranga yuko kwa jirani, nywele hazijasukwa, ataniona atanirukia, naye atakuwa nyuma yangu."

Bi Mkubwa alimgeukia mtabibu. Mtabibu alikuwa amefungua mkoba, anatazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakukibeba.

"Akimsindikiza mara nyingine tena, huenda jini akachoka," alisema mtabibu.

"Majini yanachoka?"

Mtabibu akafunga mkoba.

Mkewe Fundi alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, akatazama barabara iliyokuwa inaelekea kwao. Kisha akasema kwa sauti ya mtu mwenye adabu, "Asante kwa kunileta, dada. Twende basi, nami nikufikishe." Akageuza kayaki.

Bi Mkubwa aliingia kwenye matope mpaka magotini. "Mkwe wangu," alinong'ona, "nisikie. Mjibu ndiyo na hapana tu. Usimwanzishie hadithi mpya."

Alitikisa kichwa kukubali. Mapigo mawili yakasikika, mawili tena, na kayaki ikaenda.

Safari hii ilifika katikati ikasimama, ikageuka, ikaja nusu ya njia, ikageuka tena kabla ya kufika ukingoni, kwa hiyo hawakuuona uso wake, waliona mgongo tu, ikaenda, ikarudi, kila mara ikigeukia mbali zaidi na majani waliposimama wao, Fundi akimwita kwa jina la mtoto wao, mama Kifaranga, mama Kifaranga, na sauti yake ikipita juu ya maji bila kumgusa mtu, mpaka giza likaanza kuitia ile manjano rangi ya maji na wakawa wanaifuata kwa masikio, mapigo mawili, kisha kimya, kisha sauti nzito ikiuliza jambo refu. Kisha jibu. Jibu lilikuwa refu pia.

Halafu ukasikika kicheko, na ndani yake kicheko cha pili, kile wanachokijua, cha mtu aliyefika mahali patamu pa maneno.

"Anacheka nini?" aliuliza Fundi. "Mama, anacheka nini?"

Bi Mkubwa alikaa chini kwenye majani, akavua viatu, akamwaga maji yaliyomo.

"Kamwanzishia," alisema.